Bunge lipate wapi ushauri wa sayansi, na nani alipe?

Sheria iliyoanzisha Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia katika Bunge la Marekani haijafutwa hadi leo. Ilitungwa mwaka 1972, ofisi ikaanza kazi 1974, na kwa miongo miwili wataalamu wake wakawaandikia wabunge ripoti zipatazo 750, kuanzia mvua ya tindikali hadi silaha za kuzuia makombora. Mwishoni mwa Septemba 1995 ofisi ikafungwa bila hata kifungu kimoja cha sheria hiyo kuguswa. Haikutengewa fedha, basi. Bajeti yake ilikuwa karibu dola milioni 22 kwa mwaka, na serikali yenyewe mwaka huo ilitumia takriban dola trilioni moja na nusu.

Mara nyingi sayansi ya umma hupotea kwa njia hiyo. Hakuna anayesimama bungeni kusema kwamba maarifa hayafai. Fungu linapunguzwa tu, kwa maelezo kwamba wapo wengine wanaoweza kuifanya kazi hiyo: vyuo vipo, kampuni zipo, wataalamu wa wizara wapo. Kwa hiyo anayetaka kulitetea fungu hilo, awe mbunge, mtumishi wa kamati, mtafiti au mlipa kodi, inambidi awaweke hao wengine mezani mmoja mmoja na kuwapima. Maswali ni mawili na yanategemeana: nani alipie utafiti, na nani awapelekee wabunge matokeo yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Bunge lisilolipia maarifa yake huishia kutumia maarifa yaliyolipiwa na mwenye maslahi.

Fedha za kodi au fedha za kampuni

Tuzitendee kampuni haki kwanza. Katika nchi nyingi tajiri zinatumia fedha nyingi zaidi katika utafiti kuliko serikali, na zinaweza kufanya mambo yanayoishinda maabara ya chuo: kuchukua wazo lililokwisha kuthibitishwa, kulijaribu kwa maelfu ya watu, kulijengea kiwanda na kulifikisha sokoni. Dawa nyingi zisingefika hospitalini bila mitaji hiyo. Ikiwa kinachotafutwa ni namna ya kuboresha bidhaa ambayo tayari ina wanunuzi, kampuni zilipie.

Shida huanza pale ambapo hakuna mnunuzi.

Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, watafiti wa shirika la umma la Uingereza linaloshughulikia Antaktika, walitangaza kwamba kila Oktoba tabaka la ozoni juu ya kituo chao cha Halley linapungua kwa kiasi kisichowahi kuonekana. Waliweza kuliona hilo kwa sababu kituo kilikuwa kikipima ozoni tangu miaka ya 1950, mwaka baada ya mwaka, bila kutokea jambo lolote la kuandikwa gazetini. Mfikirie mkurugenzi wa kampuni anayewaambia wenye hisa kwamba wataendelea kulipia vipimo vya anga kwenye barafu kwa miaka thelathini, na kwamba hajui kama vitakuja kuonyesha lolote. Mkutano haungemalizika kabla hajafukuzwa. Onyo la awali kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zinaweza kuharibu ozoni lilikuwa limetolewa mwaka 1974 na Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California. Kwa miaka kadhaa watengenezaji wa gesi hizo walisisitiza kwamba ushahidi hautoshi, na hawakuwa na sababu ya kwenda kuutafuta. Aliyekuwa nao ni mtumishi wa umma mwenye daftari la vipimo. Miaka miwili baada ya tangazo la 1985, Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuziondoa gesi hizo, ikatiwa saini, na hatimaye nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zikairidhia.

Mfano wa pili unaonyesha gharama ya kukatiza. Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilipokuwa karibu sehemu 315 katika kila milioni. Sasa imepita 420, na mstari huo unaopanda ndio msingi wa mijadala mingi ya sheria za tabianchi duniani. Ukiutazama kwa makini utaona pengo la miezi michache mapema mwaka 1964: bajeti ilipunguzwa na upimaji ukasimama. Pengo hilo halitajazwa kamwe, kwa sababu hewa ya Machi 1964 haipo tena ipimwe. Barabara iliyoahirishwa unaweza kuijenga mwaka ujao kwa bei ya juu zaidi. Mfululizo wa vipimo ukishakatika, hakuna bei.

Halafu kuna utafiti ambao faida yake inakuja, lakini inampitia mtu mwingine na mahali pengine. Katika miaka ya 1960 Thomas Brock, kwa ruzuku ya umma, alichunguza viumbe wanaoishi ndani ya chemchemi za maji moto huko Yellowstone. Yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze wakampata bakteria anayestawi kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi hivi. Hakukuwa na dawa wala kifaa kilichokuwa kikisubiri habari hiyo. Miaka ishirini baadaye kampuni moja ya Marekani ilitumia kimeng'enya cha bakteria huyo kuikamilisha mbinu ya kunakili vinasaba ya PCR, ileile ambayo dunia nzima ilipimwa nayo wakati wa korona. Kampuni ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini isingeanza kwa kuchota maji ya chemchemi.

Utafiti wa namna hii ni rahisi kuudhihaki. Kuanzia 1975 seneta wa Marekani William Proxmire alikuwa akitoa hadharani tuzo ya kejeli kwa matumizi aliyoyaona ni ya kipuuzi, na miradi ya sayansi ilikuwa miongoni mwa iliyolengwa. Chukua kazi ya Edward Knipling, mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani aliyejishughulisha na namna nzi fulani wanavyojamiiana. Isome hivyo tu na ukumbi mzima utacheka. Nzi hao ni wale ambao funza wao hula nyama hai ya mifugo, na jike lake hupandwa mara moja tu maishani. Knipling akaona kwamba ukiachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, kizazi kitakatika. Mwaka 1954 jaribio lilifaulu katika kisiwa cha Curaçao, baadaye Marekani ikajisafisha, na mbinu hiyohiyo ndiyo iliyowamaliza mbung'o wa Unguja katika miaka ya 1990. Ukitakiwa kuchagua mradi wa kukata, usichague kwa jina lake.

Pingamizi moja linastahili jibu kamili: kwamba mlipaji akiwa serikali, sayansi itaitii serikali. Imewahi kutokea, na matokeo yalikuwa mabaya mno. Katika Muungano wa Kisovyeti, Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeikataa elimu ya vinasaba, alipata ulinzi wa Stalin, mpinzani wake, mwanasayansi Nikolai Vavilov, akafia gerezani mwaka 1943, na mwaka 1948 elimu ya vinasaba ikapigwa marufuku. Fedha zilikuwa za umma kabisa. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuwaachia watafiti wenyewe, kwa kukaguana, waamue mradi upi unastahili. Waingereza wanao utaratibu huo tangu ripoti ya Haldane ya 1918: wanasiasa huamua jumla ya fungu na malengo mapana, wataalamu huamua nani apewe. Kwa hiyo anayetetea fedha za umma autetee na ukuta huo. Fedha bila ukuta siziombi kwa mtu yeyote.

Wabunge nao huweza kujiziba. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilikata dola milioni 2.6 kutoka kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kiasi kilekile ambacho kituo kilitumia kuchunguza majeraha ya bunduki, na kuongeza sharti kwamba fedha zisitumike kutetea udhibiti wa silaha. Fungu la utafiti huo halikurudi mpaka bajeti iliyopitishwa Desemba 2019, likiwa dola milioni 25. Kwa zaidi ya miaka ishirini pande zote mbili zilibishana zikiwa na takwimu chache kuliko zilizohitajika. Jay Dickey, mbunge ambaye sharti hilo liliitwa kwa jina lake, alikuja kusema hadharani kwamba utafiti ulipaswa kuendelea.

Ofisi ya Bunge yenyewe

Sasa swali la pili. Utafiti upo, nani auchambue kwa ajili ya watunga sheria? Chaguo ninalolipa uzito kuliko yote ni ofisi inayomilikiwa na Bunge, kwa sababu ndiyo pekee ambayo bosi wake ni Bunge zima, wanaotawala na wapinzani kwa pamoja.

Ofisi ya Marekani iliyofungwa ilisimamiwa na bodi ya maseneta sita na wawakilishi sita, idadi sawa kwa kila chama. Haikumwambia mbunge apige kura vipi. Ilimwekea njia zilizopo, gharama na hatari za kila moja, na mahali ambapo wataalamu wenyewe hawakubaliani. Udhaifu wake ulikuwa muda: ripoti kubwa iliweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na muswada hausubiri. Wakosoaji walilishikilia hilo, na walikuwa na hoja. Tofauti yangu nao ni kuhusu tiba. Ofisi inayochelewa hupewa kazi fupi zaidi, haifungwi.

Uingereza ilionyesha kwamba inawezekana. Ofisi yake ya Bunge ya sayansi na teknolojia ilianza mwaka 1989 kwa michango, kwa kuwa serikali haikutaka kulipa. Mwaka 1993 Bunge likaanza kuigharimia, na mwaka 2001 ikafanywa ya kudumu. Kazi yake maarufu ni muhtasari wa kurasa chache, kwa kawaida nne, uliopitiwa na wataalamu wa nje kabla ya kutolewa, na ambao raia yeyote anaweza kuusoma. Mbunge anaumaliza akiwa njiani kwenda kwenye kikao.

Ufaransa ilichagua njia nyingine mwaka 1983. Ofisi yake ina wabunge 18 na maseneta 18, na wao wenyewe ndio wanaohoji wataalamu na kuandika ripoti. Faida yake ni kwamba maarifa yanabaki kichwani mwa mpiga kura wa bungeni badala ya kubaki kwenye kabati. Hasara yake ni kwamba mwandishi ni mwanasiasa, na msomaji hawezi kulisahau hilo. Ujerumani, tangu 1990, imeikabidhi kazi hiyo taasisi ya utafiti iliyoko Karlsruhe kwa mkataba na Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani. Njia hiyo inafaa pale ambapo Bunge linataka uchambuzi wa kina bila kuajiri kikosi kikubwa, mradi kamati ya Bunge ndiyo inayopanga mada.

Marekani ilikaa muda mrefu na pengo hilo. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilianzisha kitengo kipya cha sayansi na teknolojia, ikirudia sehemu ya kazi iliyoachwa 1995. Kujenga upya kikosi cha wataalamu wanaoaminiwa na vyama vyote huchukua miaka. Kulinda kilichopo ni nafuu.

Mshauri mkuu wa sayansi wa serikali

Huyu ana kitu ambacho ofisi ya Bunge haina: kasi, na ufunguo wa chumba ambamo uamuzi unafanywa. Uingereza imekuwa na mshauri mkuu tangu Solly Zuckerman mwaka 1964. Janga likizuka leo, ni yeye anayekaa na waziri mkuu jioni ileile, na sitaki nchi yoyote ikose mtu wa namna hiyo.

Lakini mwajiri wake ni serikali, na mwajiri anaweza kumchoka. Oktoba 2009 David Nutt, mwenyekiti wa baraza la ushauri kuhusu dawa za kulevya Uingereza, alitakiwa na waziri aondoke baada ya kueleza hadharani kwamba pombe na tumbaku zina madhara makubwa kuliko baadhi ya dawa zilizopigwa marufuku. Anne Glover alianza kazi ya mshauri mkuu wa sayansi wa Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, mwaka 2012, na kufikia mwisho wa 2014 cheo chenyewe kilikuwa kimefutwa. Wakati wa korona, majina ya wanasayansi walioishauri serikali ya Uingereza hayakuchapishwa mpaka Mei 2020, baada ya maamuzi mazito kabisa kuwa yamekwisha fanywa.

Kisa cha kichaa cha ng'ombe kinaeleza kwa nini hilo ni suala la uhai. Mwaka 1990 waziri wa kilimo wa Uingereza, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo mkate wenye nyama ili kuonyesha kwamba nyama ya ng'ombe ni salama. Machi 1996 serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba huenda ugonjwa huo umehamia kwa binadamu. Wanasayansi walikuwa wamesema hatari ni ndogo na kutaja mashaka yao. Yaliyowafikia wananchi yalikuwa ni uhakika mtupu, mashaka yakiwa yameachwa njiani. Bunge lenye wachambuzi wake lingeweza kuyauliza yale mashaka.

Kwa hiyo mshauri wa serikali ni wa lazima kwa dharura, na hatoshi kwa usimamizi. Bunge linalotegemea mtaalamu wa serikali ili kuikagua serikali limemwachia anayekaguliwa aandike maswali ya mtihani wake.

Akademia za sayansi

Hizi ni jumuiya za wanasayansi mashuhuri, na hapa naweza kuwa mfupi. Akademia ya Taifa ya Marekani iliundwa mwaka 1863 kwa sheria aliyoitia saini Abraham Lincoln, kwa sharti kwamba iishauri serikali inapoombwa, na wajumbe wake hawalipwi kwa ushauri huo. Uzito wa kauli yake haulingani na wa mtu mwingine yeyote. Ni chaguo bora kwa swali kubwa, lenye mabishano, na lenye nafasi ya mwaka mzima au zaidi la kujibiwa. Kwa marekebisho ya kifungu yatakayopigiwa kura Alhamisi, halifai. Pia hujibu swali lililoulizwa tu, hivyo anayeliandika swali anahitaji mtu anayejua kuuliza, na hilo linaturudisha kwenye ofisi ya Bunge.

Mashahidi na washawishi wa kampuni

Hili ndilo chaguo linaloonekana kuwa bure. Kampuni hulipa nauli ya mtaalamu, huchapa jedwali za kupendeza, na hata kupendekeza maneno ya kifungu. Sisemi wasikilizwe kwa masikio yaliyozibwa: mhandisi wa kiwanda anajua mashine yake kuliko profesa, na sheria inayotungwa bila kumsikia huweza kudai jambo lisilotekelezeka.

Tatizo ni pale anapokuwa sauti pekee. Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zilitangaza kuunda kamati yao ya utafiti, zikiahidi kuutafuta ukweli kuhusu sigara na afya. Iliichukua serikali miaka kumi, mpaka Januari 1964, kutoa ripoti ya daktari mkuu wa taifa iliyosema wazi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni mojawapo uliandika kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Waraka huo ulikuja kujulikana hadharani, na kila anayeketi kwenye kamati ya Bunge angepaswa kuusoma, kwa sababu unaeleza mbinu yenyewe: hawakuhitaji kushinda hoja, walihitaji wabunge waendelee kungoja.

Na bei ya kununua shaka ni ndogo. Katika miaka ya 1960 chama cha wafanyabiashara ya sukari kiliwalipa watafiti wa chuo mashuhuri dola 6,500 kwa makala iliyopunguza lawama ya sukari katika magonjwa ya moyo na kuielekeza kwenye mafuta. Ilichapishwa 1967 bila kutaja mlipaji, na jambo hilo halikuanikwa kikamilifu hadi 2016. Kwa fedha hizo usingeendesha ofisi ya ushauri hata mwezi mmoja, na ndiyo maana hesabu ya kwamba ushauri wa kampuni ni nafuu haiingii akilini mwangu.

Ukilazimika kuchagua

Bunge lenye fedha lichukue yote manne, huku ofisi yake ikiwa kitovu: ndiyo itakayoiandikia akademia swali, itakayosoma ripoti ya mshauri mkuu kwa jicho la nje, na itakayomnong'oneza mwenyekiti wa kamati kwamba jedwali la shahidi limeanza mwaka usio sahihi.

Bunge lenye fungu dogo lianze na wachambuzi wawili au watatu ndani ya idara yake ya utafiti au maktaba, na muhtasari mfupi wa mtindo wa Uingereza. Linaweza kuwaongezea watafiti wa muda. Ofisi ya Uingereza hupokea wanafunzi wa uzamivu kwa miezi kama mitatu, na nchini Marekani, tangu 1973, vyama vya wanasayansi hugharimia wenzao wakae mwaka mmoja katika ofisi za wabunge. Ni mwanzo mzuri, ila mtafiti wa muda huondoka na kumbukumbu zake, kwa hiyo wale wachache wa kudumu hawakwepeki.

Kabla ya kuunga mkono muundo wowote, angalia nani anamteua na kumwondoa mkuu wa ofisi, kama upinzani una sauti sawa katika kuchagua mada, na kama kila ripoti inatolewa kwa umma siku ileile inapofika kwa wabunge. Katika hayo, la kwanza kulipigania ni la uteuzi. Ofisi ambayo mkuu wake anaweza kuondolewa na waziri itajifunza haraka kutomuudhi.

Na unapoiandikia kamati ya bajeti, weka maombi mawili kwenye barua moja: fungu la ofisi ya ushauri na fungu la utafiti wa muda mrefu, vyote vikiahidiwa kwa miaka mitano au zaidi badala ya mwaka mmoja mmoja. Mchambuzi asiye na utafiti wa umma wa kusoma atasoma ule uliolipiwa na wengine. Taja kwa jina vipimo vinavyoendelea sasa ambavyo vitakatika fungu likikatwa, na tarehe vitakapokatika.